Si Mimi Niliyekutangaza

Kihonda, Morogoro
Juni 2025

Kwako kaka yangu Yunusi,

Shikamoo. Najua hujaitikia. Tangu tukiwa watoto hujawahi kuniachia shikamoo ikae hewani, hata siku niliyovunja baiskeli yako, lakini safari hii najua umefunga mdomo na umekunja uso. Basi nitaendelea hivyo hivyo. Natumaini barua hii inakukuta mzima wewe na wifi Mwajabu, na kwamba ule mguu wa kulia umeacha kuvimba. Sisi huku tunaamka na tunalala, tunamshukuru Mungu, ila sina raha, na sababu unaijua.

Nakuandikia kwa mkono kwa kuwa kwenye simu umekataa kunisikia. Mwandiko wangu unaujua, ndio ule ule uliokuwa ukiucheka kwamba herufi zangu zote zimelala kama zinaumwa. Hafidha binti yako ndiye anayekuletea, kwa hiyo hakuna mtu aliyeifungua njiani. Soma mpaka mwisho, kaka. Ukitaka kuichana, ichane ukishamaliza.

Ulipopiga simu siku ile, uliniuliza kama unaongea na mimi au na mashine. Nikakwambia ni mimi. Ukaniambia nitaje jina la yule mbuzi wa babu aliyekula khanga ya mama, nikakutajia. Ukasema hilo hata mashine inaweza kuwa imefundishwa. Halafu ukasema kwamba ama mimi ni mwongo ninayesingizia mashine, ama kweli nimekuwa mashine, na kwa vyovyote vile hutaki kuisikia tena sauti yangu. Ukakata. Kaka, mimi nimekula kwa sauti hii tangu redio yetu ilipokuwa chumba kimoja chenye magodoro ukutani ya kuzuia kelele. Mtu ambaye sikutegemea hata siku moja kwamba ataikataa ni wewe.

Nianze na yaliyokupata wewe, maana nimeyasikia yote kwa wifi, na kila nikiyakumbuka damu inanichemka. Ulitoka nyumbani kupeleka ufuta Mvuha, ukaaga kwamba ukipata lori ungefika mpaka mjini kuniona. Mchana ule redio ikatangaza kwamba mzee Yunusi Kibwana wa Kisaki amefariki alfajiri hospitalini hapa Morogoro, na kwamba habari ziwafikie ndugu wote wa Kisaki, Mvuha na Dutumi. Anayesoma ni nani? Ni mimi, mdogo wako wa tumbo moja, na mwisho nikaweka na ile pole yangu ya Kiluguru ambayo kila mtu wa milimani anaijua. Nani angeuliza ni Yunusi yupi, wakati dada yake mwenyewe ndiye anasema? Angesoma mtu mwingine, wangeuliza. Wangetuma kijana apande juu ya kichuguu atafute mtandao. Lakini walinisikia mimi, wakaweka majembe chini.

Wifi akavuliwa hereni, akakalishwa ukumbini na shuka jeupe, eda imeanza. Beberu wako mkubwa akachinjwa, na gunia la mchele likafunguliwa. Wanaume wakaenda kuchimba ili mwili ukifika usicheleweshwe. Nasikia kesho yake ulishuka kwenye lori pale barabarani ukaona watu wengi kwako, ukaharakisha ukidhani wifi ndiye aliyefariki, ukaingia uani unalia. Wenzako wakakimbia. Mwingine mpaka leo hajarudi kuchukua viatu vyake. Na kwa kuwa kaburi likishachimbwa haliachwi wazi, ukasimama ukatazama wakizika mgomba mahali palipokuwa pako. Watani nao wakakataa kuondoka, wakisema wao wamekuja msibani na msiba ni lazima, wakamalizia nyama, na sasa wanakuita Marehemu hata msikitini. Watoto nao wameshika hapo hapo. Kaka, nimelia juu ya jambo hili, na nitakuwa mwongo nikisema sikucheka hata kidogo, lakini nilipofikiria huo mgomba kicheko kilikatika.

Wamekuuliza pale kijijini, na wewe umeniuliza kwa kupitia watu, kwamba mimi ni mwanamke wa moyo gani, kusoma kifo cha kaka yangu bila hata kumeza mate. Wengine walinisifu kwamba ni mtangazaji hodari. Wanisamehe, lakini huo uhodari siutaki. Mimi nilimsoma mama yetu, unakumbuka, nikashindwa katikati, Ignas fundi mitambo akaweka kaswida mpaka nilipopata pumzi. Sasa hapo ndipo ungepaswa kuniamini, kaka. Ungejiuliza mwenyewe, huyu aliyeshindwa kumsoma mama, amewezaje kunisoma mimi kama anayesoma bei ya nyanya?

Sikuwa Morogoro siku ile. Nilikuwa narudi kutoka Dar, niko na Hafidha, na gari lilisimama Mikese watu wanunue machungwa. Kwenye kibanda cha mama mmoja redio imewashwa, nikasikia sauti yangu. Kwanza nikatabasamu, nikadhani wamerudia kipindi cha zamani. Halafu nikasikia jina lako. Hutaamini, na mimi nisingeamini kama ningehadithiwa, lakini nililia palepale kwenye kiti, machungwa yakadondoka, nikapiga kelele kwamba kaka yangu amekufa. Ile ilikuwa sauti yangu mwenyewe ikisema neno nisilolijua, na niliiamini! Abiria walinipa pole, wakaniuliza nimepata wapi habari. Niliwaambia redioni. Mmoja akasema huyo aliyesoma ni mtangazaji mkweli sana, anamsikiliza siku zote.

Tulijaribu kupiga Kisaki kwa simu ya abiria mmoja, maana ya Hafidha ilikuwa imezima tangu Chalinze. Hawa vijana simu haitoki mkononi wala mashuleni wala chooni, lakini siku unayoihitaji chaji imekwisha. Kisaki hapakupatikana. Na hapa, kaka, niruhusu nikukasirikie na wewe kidogo. Simu tulikununulia. Wewe umeivika mfuko wa nailoni, umeizima isimalize chaji, umeifungia kwenye sanduku la nguo isije ikaibiwa, halafu unasafiri. Kila aliyepiga namba yako akaambiwa haipatikani, na kila aliyeambiwa haipatikani alizidi kuamini. Wangapi walikupigia siku hiyo? Ungeibeba mfukoni ungesema tu hallo, na beberu wako angekuwa hai. Wajukuu wanalala nayo na wewe unailaza sandukuni, na katikati yenu hakuna hata mmoja aliyeshika simu kama simu.

Nilishukia Msamvu nikaenda moja kwa moja redioni na begi langu, sijanawa hata uso. Nikawakuta wamekaa kimya kama kawaida yao. Hili nataka ulielewe, maana ndipo chanzo kilipo. Pale kazini siku hizi watu wanakaa chumba kimoja, magoti karibu yanagusana, na wanaandikiana kwenye simu. Meneja wetu, Victor, kijana wa juzi tu aliyeletwa kutoka Arusha na digrii mbili, ameanzisha grupu la WhatsApp na kila kitu kinafanyikia humo. Nikiinuka kumuuliza jambo ananiambia kwa upole nimwandikie grupuni ili libaki kumbukumbu. Basi nami nilikuwa napeleka ujumbe wa sauti, nasalimia kwanza, namuuliza kila mmoja hali yake, naingia kwenye jambo langu. Wakanung'unika kwamba ujumbe wangu ni mrefu na unamaliza bando. Siku nilipotoa taarifa kwamba Ignas amefiwa na mke, wawili walijibu kwa dole gumba. Dole gumba, kaka! Nilimwonyesha Ignas, akatazama, akauliza wamefurahia nini. Vijana wakasema maana yake ni kwamba wameipata habari. Sikatai kwamba hawakuwa na ubaya, lakini Ignas aliomba kustaafu mwezi uliofuata, akisema miguu inamsumbua, na mimi sidhani kama ilikuwa ni miguu tu.

Wewe unajua matangazo ya vifo yalivyokuwa. Mtu alikuja dirishani mwenyewe, hata kama ametembea kutoka Kinole. Nampa maji. Namuuliza marehemu ni mtoto wa nani, na mama yake ni wa ukoo gani, maana sisi Waluguru majina ya baba zetu yamerudiwa mpaka yamechakaa, lakini ukiambiwa ukoo wa mama humkosei mtu. Nauliza alikuwa anafanya kazi gani, ameoa wapi. Mara nyingine mtu anajibu huku analia, namngoja. Victor alipofika alikaa pembeni akaniangalia nikimhudumia mzee mmoja, halafu akasema kwenye kikao kwamba muda ule wote kwa tangazo la sekunde chache ni hasara. Akabandika dirishani namba ya WhatsApp. Jina, mahali, saa ya kifo, namba ya malipo, basi. Nilisimama kikaoni nikasema kwamba mtu akifa hawezi kuletwa kama oda ya chipsi. Vijana wakacheka, na Victor mwenyewe akacheka, akasema mama Mwanvita ana maneno, kisha akaendelea na picha zake za kompyuta alizokuwa akizimulika ukutani.

Nilipofika siku ile nikauliza ni nani ametangaza kifo cha kaka yangu kwa sauti yangu wakati mimi nilikuwa barabarani. Victor akaniita ofisini, akafunga mlango, akanieleza kwamba redio ina mfumo mpya wa akili mnemba, umefundishwa sauti yangu kutokana na vipindi vyangu vya nyuma, na kwamba ulikuwa unajaribiwa kwenye matangazo madogo madogo siku nisipokuwepo. Alisema nilipaswa kufurahi, kwa kuwa waliangalia sauti za wote wakaona yangu ndiyo inayoaminiwa. Nikamuuliza kama kifo ni tangazo dogo. Akawasha kompyuta akanionyesha ujumbe ulioletwa, ukiwa na jina, mahali, saa, na malipo yameingia, akasema kwa upande wa mfumo kila kitu kilikwenda sawa.

Kulikuwa na namba ya mtumaji, nikaipiga palepale. Akapokea kijana anaitwa Abdulatif, yuko hapa hapa Kihonda, mtaa wa nne kutoka kwangu. Baba yake alikuwa fundi wa reli, alizaliwa Kisaki akahamia mjini zamani, na jina lake ni Yunusi Kibwana. Alikuwa anaosha vyombo vya msibani huku anaongea nami. Akanishukuru sana kwa namna nilivyomsoma baba yake, akasema mama yake amefarijika. Mungu anisamehe, nilipiga kigelegele kwenye sikio la mfiwa. Nilimwomba radhi baadaye, nikaenda na kuzika, na yule mzee namwombea kila siku maana nilifurahi kwa kifo chake.

Kwa hiyo hakuna aliyesema uongo, kaka. Ndicho kinachoniudhi zaidi. Kama kungekuwa na mwongo ningemshika shati. Victor anasema tangazo lilikuwa sahihi, na kwamba tatizo liko kwenye mapokezi ya wasikilizaji. Mapokezi! Nikamwambia hayo mapokezi yamechimbiwa kaburi Kisaki, aende akayaone. Nikamwambia afute sauti yangu kabla jua halijazama. Akanitolea mkataba kwamba kilichorekodiwa studio ni mali ya redio. Maikrofoni ni ya redio, sawa, na viti, na umeme. Lakini sauti hii nimezaliwa nayo Kisaki kwenye nyumba ya udongo, mama akaisikia kabla ya mtu yeyote, na huyo Victor siku hiyo hata baba yake alikuwa hajavaa suruali ndefu. Niliyasema hayo kwa kelele, mpaka mlinzi akaingia. Sijawahi kupiga kelele kazini maisha yangu yote.

Halafu, ili uone jinsi wanavyofikiri, Victor akapendekeza kwamba mashine hiyo hiyo isome masahihisho na kukuomba radhi wewe na familia. Kwa sauti yangu! Alisema ingetoka safi zaidi. Nilichukua begi langu nikatoka, maana ningeendelea kusimama pale ningemrushia ule ufunguo wa studio usoni.

Nimekwisha kukusimulia ya hadharani. Sasa nakuja kwenye yale ambayo nimekuficha, na nakuomba ukae chini kama umesimama.

Dar sikwenda kutembea. Koo limekuwa likinikwaruza tangu mwaka jana, nikidhani ni vumbi la huku Kihonda. Daktari aliingiza kamera akaona uvimbe kwenye nyuzi za sauti, na lazima ukatwe. Sikukuambia kwa kuwa ungeuza shamba, nakujua. Sikuwaambia kazini kwa kuwa mtangazaji asiye na sauti ni mtu wa kupewa chai na cheti. Niliyemwambia ni mmoja tu, Hafidha, kwa kuwa ananisikia nikikohoa usiku kucha chumba cha pili.

Na Hafidha ndiye aliyeifundisha mashine sauti yangu.

Usinyanyuke, kaka. Najua yupo hapo mbele yako, pengine anajifanya anapepeta mchele au anaangalia simu yake. Hajui nimeandika nini humu, ila anahisi, na amekuja hivyo hivyo. Wewe mwenyewe ulimleta kwangu na cheti chake cha kompyuta ukasema nimtafutie kazi redioni asikae bure, nikamtafutia, na anaiweza kazi kuliko wote pale. Pale Mikese alilia kuliko mimi. Nilidhani analilia baba. Alikuwa anamlilia baba, ndiyo, lakini alikuwa pia ameitambua kazi ya mikono yake, na alinyamaza nayo mpaka nyumbani. Wakati nafoka ofisini kwa Victor yeye alikuwa nje ya mlango.

Aliniambia siku ya tatu, tunachambua mchele, bila kunitazama. Alisema nilipomweleza habari ya koo hakulala. Akachukua vipindi vyangu vyote vya nyuma, vile ambavyo Ignas alikuwa amevitunza kwenye kanda mpaka zikaota ukungu, akavisafisha kimoja kimoja baada ya kazi, akaiweka sauti yangu mahali ambapo haitaugua. Hakufanya kwa ajili ya redio. Alifanya ili siku nitakapotoka hospitali siwezi kusema, awe nayo. Alitumia kompyuta ya kazini kwa kuwa yake ni dhaifu, Victor akaikuta humo, akampongeza, akamwambia akae kimya mpaka ijaribiwe. Naye akakaa kimya, kwa woga, na kwa sababu meneja kasema. Nilimuuliza kwa nini hakuniomba ruhusa. Akasema kuniomba kungekuwa sawa na kuniambia kwamba sauti yangu itakufa.

Nilimgombeza, kaka, usidhani nilimkumbatia. Nilimwambia mtu hachukuliwi sauti kama picha. Nilimwambia amemzika baba yake. Alikubali kila neno. Kisha nikamtaka aniwekee nisikie hicho alichokitengeneza kabla Victor hajakigusa, akatoa simu, na ilikuwa sentensi moja tu. Ni mimi, kwa ile sauti yangu ya zamani isiyo na mikwaruzo, namuuliza kama amekula. Ndilo neno ninalomwambia kila akirudi kazini. Nilitaka kuinasa kofi ile simu, na nilitaka airudie. Alirudia. Mpaka sasa sijui nimwite mwizi au mwanangu, na kwa vile sijui, nimeamua kutokumwita mwizi.

Hivyo hasira yako yote uliyoielekeza kwangu, sehemu kubwa ni ya Victor, sehemu ni ya lile sanduku lako la nguo, na sehemu iko hapo uani kwako ina njaa ya safari. Ukimpiga, utakuwa umempiga mtu aliyeogopa kunikosa. Mlishe kwanza, halafu mfokee. Mimi nimeshafoka, nimebakiza kidogo tu.

Masahihisho nitayasoma mwenyewe Ijumaa baada ya swala, Victor apende asipende. Wasaidizi wake wawili, hao hao wa dole gumba, wamekuja kwangu nyumbani kuniambia watafungua studio, na mmoja wao aliomba nimfundishe maswali ninayowauliza wafiwa. Nilimfundisha, ingawa nilikuwa nimeapa sitamsemesha. Nitasema kwamba Yunusi Kibwana mume wa Mwajabu, mwana wa mama yetu, yu hai na analima ufuta, na kwamba anayemwita Marehemu amtafute dada yake. Nitakohoa. Mtavumilia.

Jumatatu naingia chumba cha upasuaji. Daktari anasema naweza kutoka na sauti, naweza kutoka bila sauti, na mengine anayajua Mungu. Ulituma mtu aniambie kwamba kwa kuwa nimekuzika ukiwa hai, nisikanyage msibani kwako na wewe hutakanyaga kwangu. Nimeipokea hiyo salamu. Sikuombi uniombe radhi, na sikuombi uje hospitali.

Ninachokuomba ni kimoja. Ile sauti bado wanayo. Victor hajaifuta, na Hafidha anasema hata akifuta hapa kutakuwa na nakala mahali. Nisipoamka, kaka, mtu atatuma ujumbe wa jina na mahali na saa, na malipo yataingia, na mimi nitasoma. Nitajitangaza mwenyewe. Nitasema vizuri, bila kukwama hata pumzi moja, kwamba Mwanvita binti Kibwana hatunaye, nitawapeni pole kwa Kiluguru, na baada yangu litakuja tangazo la sabuni. Yule mama wa kibanda cha Mikese atasikia na kuendelea kumenya machungwa. Nimeliwaza hilo mpaka nikawa naogopa zaidi tangazo kuliko kisu.

Usiwaruhusu. Hata kama hutaingia nyumbani kwangu, hata kama hutashika jeneza, panda gari uje mpaka redioni, waambie wazime, uketi kwenye kile kiti, unisome wewe. Hujui kusoma mbele ya maikrofoni, utakwama kwenye jina langu, na hutafika mwisho kabla ya kulia. Ndivyo ninavyotaka iwe. Nataka watu wasikie kwamba kuna mtu ameshindwa.

Na nikiamka, basi itoe simu sandukuni uiwashe. Nikishindwa kusema nitakupigia tu na kupumua, utajua ni mimi.

Msalimie wifi Mwajabu, mwambie avae hereni zake, na ukimweleza habari ya koo asimwambie mtu yeyote. Wasalimie majirani waliolia, na hata waliokula beberu. Nawasalimu pia watani, ila kwa shingo upande. Sina la ziada. Naishia hapa mkono umechoka, na ile shikamoo yangu ya mwanzo bado nangoja uiitikie.

Ni mimi mdogo wako,
Mwanvita Kibwana